Risasi za Neuf

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa tumesimama ndani ya duka lake la silaha kule Laeken, mimi nimevaa koti la kuazima kwa shemeji, yeye anafuta miwani kwa pindo la shati. "Unaogopa bunduki?" Nilikuwa nimetoka Bukavu, nimeshuka kituo cha treni cha Gare du Midi na begi moja, na mlango ukibamizwa na upepo nilikuwa bado naruka chini ya meza. Nikaona nikidanganya nitakosa kazi, na nikisema kweli nitaikosa pia. Basi nikasema kweli: "Ndiyo, Patron. Sana." Akavaa miwani yake, akanitazama vizuri. "Sawa. Watatu waliokutangulia walisema hawaogopi. Sikuwachukua."

Nilipomweleza mke wangu Georgine, alikaa kitandani akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. "Déo, tulikimbia bunduki, tukavuka mipaka, na weye unaenda kuziomba kazi?" Nilijua tu kwamba yule mzee wa Kibelgiji alikuwa mtu wa kwanza katika mji huu kuniuliza naogopa nini.

Ninyi vijana mnaonizunguka baada ya misa mkiuliza kalibre gani ya bastola inafaa kwa kujilinda, mnauliza kama watu waliotazama filamu nyingi mno. Siwakasirikii. Nami niliuliza hivyo hivyo. Ila niacheni niende kwa mpango wangu, maana haraka haraka haina baraka, na kwenye silaha haina hata msamaha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa chini ya duka, kwenye chumba kirefu cha kulengea shabaha tulichokiita stand. Kazi ilikuwa kufagia maganda. Ganda ni kile kikopo cha shaba kinachobaki risasi ikishaondoka. Ndani yake ndimo baruti ilimokuwa. Mkubwa wangu huko alikuwa Chef de stand, askari mstaafu mwenye shingo fupi na uvumilivu mfupi zaidi. Alinilazimisha kupanga maganda nikiwa nimefumba macho, kwa vidole tu. "Jicho linaamini kile linachotaka," alikuwa akisema. "Kidole hakina mapenzi." Nilimchukia kwa miezi sita, na leo ningetoa nini nimsikie akinifokea tena!

Kwa vidole hivyo nilijifunza kalibre, yaani upana wa risasi na wa tundu la mtutu inamopita. Ndogo kabisa ilikuwa vingt-deux, yaani ishirini na mbili za mia za inchi, nyembamba kama kalamu ya risasi, haina teke. Teke ni ule msukumo unaokurudia mkononi unapofyatua. Ikafuata sept soixante-cinq, milimita saba nukta sitini na tano, ya vile vibastola vya mfukoni vya zamani. Halafu neuf, milimita tisa, na hapa ndipo wageni hupotea, maana tisa ziko mbili: court, yenye ganda fupi na nguvu ya kiasi, na para, yenye ganda refu kidogo na nguvu zaidi. Upana ni mmoja, lakini usichanganye. Kulikuwa na trente-huit, thelathini na nane za mia za inchi, ya bastola za silinda, na mwisho quarante-cinq, arobaini na tano, nene kama kidole cha mpishi, mwendo wake wa polepole na teke lake zito.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Sisi Wakongomani hesabu zetu zote tunazisema kwa Kifaransa, na neuf ni tisa. Lakini neuf hiyo hiyo ni mpya. Wiki ya pili tu, bibi mmoja alikuwa anajifunza bastola ya silinda, ya trente-huit, akitumia risasi za ganda kuukuu lililojazwa baruti upya. Zikawa zinatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Chef akanipigia kelele: "Achana na hizi! Leta du neuf!" Nikapanda ngazi mbio, nikarudi na boksi la tisa, para, nimelishika kwa mikono miwili kama sadaka. Risasi zikagoma kuingia kwenye silinda. Chef akazitazama, akanitazama, masikio yakamwiva. "Nimesema mpya! Mpya, si tisa!" Tangu siku hiyo duka zima liliniita Monsieur Neuf. Patron alilipenda sana jina hilo. Alisema linanifaa pande zote mbili, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mpya.

Miaka ikaenda. Chef akastaafu, nikapandishwa mezani juu kwa wateja, kisha nikarudishwa chini, safari hii mimi ndiye Chef de stand. Kila juma alikuja mtu kuuliza swali lenu lile lile. Patron alikuwa na jibu moja: "Kalibre bora ni ile inayokwenda pale ulipoielekeza." Akibanwa aliongeza kwamba hakuna risasi ya bastola inayomwangusha mtu papo hapo kama kwenye sinema, na kwamba mwenye kufumba macho kwa quarante-cinq anashindwa na mwenye kufumbua macho kwa vingt-deux. Tena sheria ya hapa haikupi bastola kwa sababu tu unaogopa. Ruhusa ya kujilinda ni adimu, ni ya watu waliothibitisha hatari kubwa. Wengi waliondoka wamenuna.

Asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Maman Noëlla, mtu wa kwetu kabisa, mjane, mwenye duka la vyakula kule Molenbeek: fufu, sombe, ndagala, mafuta ya mawese. Wiki mbili kabla, mchana kweupe, mwanaume alikuwa ameingia dukani akamwekea kisu shingoni na kuondoka na kila kilichokuwa kwenye droo. Tangu siku hiyo sauti yake ilikuwa imepungua.

"Papa Déo, unaweza kunipatia balles za neuf?"

Nikacheka. Balles ni risasi, na nilidhani anapiga soga, kwamba amesikia habari za kalibre kwa watu. "Maman, za neuf court ama za neuf para?"

"Sijue iyo mambo. Za neuf tu. Hizi ziko hapa zimeota kutu."

Nikaacha kucheka. Hakusema tisa. Alisema mpya. Na mtu anayetaka mpya ana kuukuu, na mwenye risasi kuukuu ana kitu cha kuzitia.

Marehemu mume wake ndiye aliyekiacha, kimefungwa ndani ya suruali ya Noeli kwenye sanduku. Hakuna karatasi, hakuna kibali, na yeye hakujua mpaka alipofungua sanduku akitafuta picha. Alinisomea namba kwenye chuma: sept soixante-cinq. "Bon, naona iko kadogo," akasema. "Nataka tu unielezee, iko inatosha kusimamisha muntu, ama nitafute ya kubwa? Akirudi, sitangojea kisu tena, Papa Déo. Mara hii hapana."

Nilimwambia asikiguse, afunge sanduku, aje kwangu mikono mitupu na kitambulisho chake. Kisha nikaenda kumweleza Patron kila kitu. Ningeweza kunyamaza, maana Maman Noëlla ni dada yangu katika mambo yote isipokuwa damu, na bastola isiyo na karatasi ingemtia matatani na askari. Lakini kunyamaza kungemwacha peke yake na kile chuma. Patron alifuta miwani yake. "Mlete. Ukimwambia hapana atakwenda kuuliza kwa mwingine. Mwonyeshe."

Alikuja amevaa liputa, kile kitenge chake cha kanisani, kana kwamba anakwenda kwa daktari. Nilimvisha vizibo vya masikio na miwani, nikasimama nyuma ya bega lake. Alianza na vingt-deux, risasi tano, zote kwenye karatasi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kisu. Court ilimtikisa viganja. Para ilipolia, mikono ilimruka juu, na ganda likatoka pembeni likamtumbukia kwenye ukosi, la moto.

"Yesu wangu! Naungua! Déo, naungua!"

Akaanza kucheza pale pale na bastola mkononi. Nilimkamata kifundo cha mkono nikakielekeza mbele kwenye shabaha mpaka alipotulia, ndipo nikaichukua silaha. Tulipotazamana tulicheka hadi Patron akafungua mlango kuuliza kuna nini. Quarante-cinq alipiga moja tu, akaniachia. "Hii ni ya bantu ba mingi," akasema. "Alors, nabaki na vingt-deux. Iko inanisikia."

"Ngoja," nikamwambia. "Twende tuone karatasi."

Nilikuwa sijamwonyesha nilichokitayarisha. Nyuma ya karatasi yake nilikuwa nimesimamisha mbao mbili za plâtre, yaani bodi za jasi, zenye uwazi katikati, kama ukuta wa duka lake ulivyojengwa. Naujua, nilimsaidia kutundika rafu pale. Nikampa penseli, nikamwambia aichomeke kwenye matundu. Kwenye tundu la quarante-cinq penseli ilitokea upande wa pili. La para, la court, vivyo hivyo. Akafika kwenye matundu madogo ya vingt-deux.

"Na hii pia?"

"Na hii pia, Maman. Ile sept soixante-cinq ya marehemu pia. Hakuna inayobaki kwenye plâtre."

Akaichomoa penseli, akaichomeka tena. Nikamuuliza, ingawa nilijua: "Nyuma ya rafu yako ya mafuta, kuko nani?"

"Ni kwa Naïma," akasema polepole. "Jikoni. Batoto yake banafanyaka devoirs ya masomo pale kwa meza." Akahesabu kwa kidole hewani, kiti kwa kiti, kisha akageuka na uso umelowa. "Alors nifanye nini, Papa Déo? Nikae tu, nimungojee na kisu yake?"

Nilijua uzito wa kila risasi dukani, na sikuwa na jibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mambo yote ya kazi ile. Nilimshika tu mkono, na mkono wake ulikuwa unanuka baruti kama wangu.

Patron alipiga simu kwa polisi wanaohusika akauliza njia ya kusalimisha silaha ya marehemu. Akaambiwa isibebwe barabarani, watakuja wenyewe. Siku ya kuja kwao nilikaa na Maman Noëlla dukani kwake. Alikuwa akisema watamrudisha Bukavu na sanduku lile lile. Walikuja wawili, nguo za kiraia, wakaichukua, wakaandika maelezo yake, wakampa karatasi ya kuonyesha ameikabidhi kwa hiari, na mmoja akauliza bei ya ndagala. Walipotoka, Maman Noëlla alivuka hadi mlango wa pili, akamweleza Naïma, mwanamke wa Kimoroko, kila kitu: kisu, bastola, plâtre, penseli. Sikumtuma. Nilibaki kwenye duka, na kwa masikio yangu, kupitia ukuta, nikasikia Naïma anasema kwa Kifaransa: "Dada, sisi tunasikia hata ukikohoa. Siku ile ungegonga tu!"

Mimi fundi wa vitu vinavyopenya, miaka yote nilikuwa nimeutazama ukuta ule kwa upande mmoja.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Patron, mkono wake sasa unatetemeka hata kwa kikombe, alisimama mbele ya wateja akasema: "Monsieur Neuf amechakaa." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote. Akanikumbatia, akanipa ganda moja la para, tupu, limeng'arishwa. Georgine ameliweka dirishani na kulitia ua dogo, na hajawahi kuniomba radhi kwa machozi ya siku ile, wala mimi sijamdai. Kazi ile ilinilea. Niliingia naogopa bunduki, nikatoka bado naziogopa, ila sasa kwa sababu zilizo sahihi.

Juzi tu, mchana, nikiwa nasinzia kitini, simu ililia. Maman Noëlla alikuwa anahema. Mwanaume alikuwa ameingia tena, kofia imeshuka usoni, mkono ndani ya koti, akamwambia afungue droo. Yeye akashika ufagio, akageukia rafu ya mafuta, akaanza kuugonga ukuta kwa mpini. Kabla hajachoka, mume wa Naïma na shemeji zake wawili walikuwa mlangoni, mmoja bado ana povu la kunyolea shavuni. Yule mtu alipita katikati yao akakimbia kuelekea mfereji, na hakuna aliyeumia, isipokuwa chupa mbili za mawese.

Nililia, sioni haya. Kisha, kwa kuwa ni lazima mzee aulize jambo la kazi, nikamuuliza: "Uligonga mara ngapi?"

"Miye sikuhesabu! Naïma ndiye alihesabu. Anasema neuf." Akavuta pumzi. "Donc unaona, Papa Déo, nimepata mwenyewe kalibre yangu. Ya neuf."

"Tisa, ama mpya?"

Alicheka ile sauti yake ya zamani, kubwa, na nyuma yake, kupitia ukuta, nikasikia mtu mwingine naye anacheka.

"Yote mbili," akasema.