Ukoo Uliotoka Kwenye Gunia

Venant Malimi alikuwa na kila kitu cha kuolea isipokuwa watu. Alikuwa na chumba Mkuyuni chenye mlango unaofungika. Alikuwa na kitanda, redio, na suti ya mtumba ambayo mfukoni mwake ilikuja na tiketi ya treni ya nchi asiyoijua. Alikuwa na Tereza, ambaye alikwisha kumkubali. Alichokosa ni baba, mjomba, shangazi, na hata yule ndugu wa mbali ambaye kila ukoo unaye, anayefika kwenye sherehe bila kualikwa na kuondoka na sufuria ya watu.

Alilelewa na masista kisiwani Ukerewe. Mama yake alifariki yeye hajaota jino. Baba yake, Malimi, alimkabidhi kwa masista, akasema anavuka kwenda Mwanza kutafuta kazi, akavuka, na hakuna aliyemwona akirudi. Mtoto akabaki na jina la baba mkononi, kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba asiyojua iko wapi.

Mambo yalipofunguliwa nchini, kiwanda cha kuchambulia pamba alichokuwa akifanyia kazi kilipata mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya akaona wafanyakazi wamezidi. Miaka hiyo kila mtu Mwanza aligeuka kuwa muuzaji wa kitu. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki huku kwetu na harufu yake, na waliokuwa makarani jana leo walikuwa wanatembeza soksi. Venant alitandika turubai pembeni mwa soko la Mkuyuni, akaanza kuuza vitabu vilivyokwisha kusomwa.

Baba yake Tereza, Mzee Machibya, alikuwa mfugaji wa Kisesa, karibu na Bujora. Alikuwa Mkristo kila Jumapili na Msukuma siku zote saba. Siku Venant alipokwenda kujitambulisha, alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, baba."

Mzee Machibya aliinama pembeni akachungulia nyuma ya Venant, kana kwamba huenda kuna mtu mfupi amejificha.

"Mwenyewe! Hata mwizi wa ng'ombe haji peke yake, kijana. Binti yangu akikukosea, nitamsikiliza nani? Wewe ukimkosea yeye, ni nani atakuja hapa kuinamisha kichwa?"

"Nitainamisha mwenyewe, baba."

"Kichwa kimoja hakitoshi. Mwaka jana alikuja mmoja hapa na wazee aliowakodi kule stendi. Wazee wenyewe walikuwa wanakubaliana kila neno kama kwaya. Nikawapa ugali, wakashiba, nikawafukuza. Wewe niletee watu wako. Mpunga ukivunwa hujawaleta, yupo mwingine anamtaka Tereza. Ana trekta."

Tereza alimsindikiza mpaka barabarani, kanga kaifunga kifuani kwa hasira.

"Trekta lenyewe bovu," alisema. "Linasukumwa. Lakini baba analipenda."

"Na wewe?"

"Mimi sipendi kusukuma. Tafuta watu, Venant. Hata wawili."

Alirudi Mkuyuni na ule uzito unaompata mtu akiona taa za nyumba za wengine zikiwashwa. Mpunga kule mabondeni ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa.

Sasa, miaka hiyo hiyo ya kufunguliwa kwa mambo, mitambo midogo ya kuchapa ilikuwa imezuka mjini, na kila aliyekuwa na akiba kidogo na jambo moyoni alichapisha kitabu. Vitabu vilichapwa vingi kuliko wasomaji. Mchapaji mmoja wa mtaa wa nyuma alipofunga duka, shehena yake ilikwenda kwa wauza karanga, wakawa wanachana kurasa na kufungia. Venant aliwahi gunia moja kabla halijachanwa. Alimwaga vitabu sakafuni chumbani, akaanza kuvipanga kwa jina la mwisho la mwandishi, kwa sababu masista walikuwa wakiwapanga watoto hivyo hivyo, kwenye foleni ya uji na ya kanisani, na yeye hakujua namna nyingine ya kupanga kitu.

Alipofika kwenye M, mkono ulisimama.

*Ng'ombe Wako Anakohoa*, cha Getruda Malimi. *Jambazi Mwenye Viatu Vyeupe*, cha Mihayo Malimi. *Ndoto za Ziwani na Maana Zake*, cha Seif Malimi.

Alivilaza kitandani, kimoja, kimoja, kimoja, akavitazama kama anavyotazamwa mtoto mchanga, akitafuta pua ya nani na masikio ya nani. Alijua vizuri kwamba Malimi ni jina la baba wa mtu, na Usukumani akina Malimi ni wengi kama mawe ya Mwanza. Ng'wana Malimi, yaani mtoto wa Malimi, wa Magu na ng'wana Malimi wa Geita wanaweza wasijuane mpaka kiama. Alijua. Lakini alivisoma vyote vitatu, na moyo una ubishi wake. Kwenye kitabu cha jambazi, yule jambazi alikuwa akijikuna sikio kila akifikiri, na Venant naye, akisoma hapo, alijikuta mkono uko sikioni. Kwenye kitabu cha ndoto iliandikwa kwamba anayeota anavuka maji bila kufika ana ndugu anayemngoja. Venant alikuwa ameota hivyo tangu utotoni. Na kwenye kitabu cha ng'ombe, katikati ya habari za minyoo, alikuta sentensi moja: "Ng'ombe aliyetengwa hukonda hata penye majani." Alifunga kitabu, akakaa nacho mapajani.

Vitabu vya wakati ule vilibeba anwani ya mwandishi nyuma, kwa matumaini. Venant alivaa suti, akaenda.

Getruda aliishi Nyegezi. Alikuwa mama mpana aliyestaafu ubwana mifugo (watu walimwita bwana mifugo hivyo hivyo, na yeye aliitika), mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Venant alipotoa kitabu kwenye mfuko, mama huyo alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

"Umekisoma?"

"Chote, mama. Mpaka jedwali la dawa za kupe."

"Mwanangu, tangu kitoke, wewe ndiye wa kwanza kuja hapa kwa ajili ya kitabu. Wa pili, ukimhesabu mbuzi aliyekula nakala." Alifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Haya, sema. Nani anaumwa?"

Venant alimweleza shida yake. Mama Getruda alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Huyo mzee ana ng'ombe?"

"Anao."

"Basi nitakuja kuwaona."

Seif Malimi alikuwa fundi wa kanzu mjini, mtu mwembamba, mpole, anayenukia udi. Naye aliuliza: "Umekisoma?" Kisha akaahidi kuja ikiwa usiku huo ataota jambo la heri. Kesho yake alisema ameota samaki mwenye kilemba, na hiyo ni heri tupu. Mwandishi wa jambazi, Mihayo, alikuwa mwalimu mstaafu wa Magu. Katika kitabu chake watu kumi na mmoja walipigwa risasi, lakini yeye mwenyewe alimlipa jirani amchinjie kuku wa mgeni, na wakati wa kuchinja aliingia ndani akafunga dirisha.

Siku yenyewe walikutana njia panda ya Kisesa, na hapo ndipo watatu hao walipoonana kwa mara ya kwanza. Venant aliwaomba neno moja.

"Wazee wangu, sitaki tuseme uongo. Tukae tu, tuwe kimya, jina litajisemea."

Wakaitikia wote kwa kichwa. Venant hakuwa amefikiria kwamba anawaomba ukimya watu watatu walioandika vitabu na hawakupata msomaji.

Mzee Machibya aliwapokea, wakakalishwa kwenye mikeka na viti, wakaletewa maziwa. Kando ya kigoda chake kulikuwa na rundo la vijiti, kila kijiti ng'ombe mmoja wa mahari, vikingoja kupangwa chini. Lakini hakuvigusa. Aliwatazama: mama mpana, mwalimu aliyefunga tai, fundi mwenye kofia ya viua.

"Ukoo una Waislamu na Wakatoliki?"

"Babu yetu alisafiri," alisema Seif kwa upole.

Venant alihisi jasho linaanza safari mgongoni.

"Alisafiri wapi?"

"Tabora," akasema Mwalimu Mihayo, na macho yakamng'aa. "Usiku. Ana risasi begani. Nyuma yake wanaume watatu, na mmoja amevaa koti la mvua ingawa mvua hainyeshi..."

"Risasi gani!" alidakia Mama Getruda. "Babu alikufa kwa ndigana ya ng'ombe."

"Shangazi, binadamu haugui ndigana."

"Sikusema aliugua yeye! Ng'ombe wake waliisha wote kwa ndigana, naye akafa kwa huzuni. Ni jambo la kitaalamu. Wewe na mikoti yako ya mvua, ndiyo maana ile sura yako ya pili haina kichwa wala mkia."

"Umesoma sura ya pili?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesoma nikiwa kwenye basi. Kijana kaniazima. Jambazi gani anavaa viatu vyeupe kwenye matope?"

"Hiyo ndiyo siri yenyewe!"

"Ndugu zangu," alisema Seif, "mnabishana bure. Kifo cha babu kilioteshwa. Bibi aliota jino limedondoka kwenye mtungi..."

"Wewe nyamaza na meno yako!" wakasema wale wawili kwa pamoja, na hilo ndilo neno pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Mzee Machibya alikuwa akihamisha macho kutoka mmoja kwenda mwingine kama mtu anayeangalia mpira. Mwishowe yakatua kwa Venant.

"Kijana. Wewe ndiye mjukuu. Babu yako alikufa na nini?"

Watatu wale wakamgeukia. Kila mmoja alimwomba kwa macho achague kifo chake. Mlangoni mwa jiko alisimama Tereza, mwiko mkononi, ugali ukiungua nyuma yake. Venant aliwaza lile trekta. Aliwaza mpunga. Na kisha, hakujua kwa nini, aliwaza ziwa lile aliloliangalia kutoka kisiwani miaka yote, akingoja mtu atokee, na akaona hawezi kuanza nyumba kwa babu wa kutungwa, hata kama ametungwa vizuri.

"Sijui, baba," alisema. "Hata babu mwenyewe simjui. Hawa wazee nimewatoa kwenye gunia la vitabu. Wana jina la baba yangu, basi. Si ndugu zangu. Nisamehe. Wao hawana kosa, waache warudi makwao."

Zizini ng'ombe waliacha kucheua, au Venant aliona hivyo.

Aliyesimama wa kwanza ni Mama Getruda.

"Rudia."

"Mama..."

"Nimesema rudia! Si ndugu zako? Nimeacha mtamba wangu anataka kuzaa, nimepanda basi na mbuzi wa watu miguuni, nimevaa kitenge cha Pasaka, nije kukanwa mbele ya watu?"

"Ni aibu," alisema Mwalimu Mihayo, akivua tai. "Mimi nimemlipa mtu anichinjie kuku kwa ajili yako. Kuku! Umekula paja, sasa unasema hunijui?"

"Samaki mwenye kilemba," alinong'ona Seif kwa uchungu. "Nilikusomea ndoto nzima bure."

"Mtoto hana adabu huyu!"

"Hakulelewa!"

"Na nani amlee, na wewe baba yake mkubwa ulikuwa Magu unaua watu kwenye karatasi?"

"Na wewe shangazi yake ulikuwa wapi?"

Walimzunguka Venant, wakimkaripia wote kwa pamoja, vidole vitatu vikicheza mbele ya pua yake. Naye alikaa katikati, kichwa ameinamisha. Watu hawakumwona usoni, na ilikuwa heri, kwa maana alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuwa amewahi kugombezwa na watu wengi hivyo katika maisha yake.

Mzee Machibya aligonga kigoda.

"Kaeni chini."

Wakakaa, wakihema.

"Mtu wa kukodi ukimwambia kazi imekwisha, anauliza nauli yake. Hawa wameumia kukanwa." Alichukua rundo la vijiti akaanza kuvipanga chini, taratibu, safu ya kwanza, safu ya pili. "Sijui mmeanza lini kuwa ukoo. Pengine mmeanza sasa hivi. Lakini huyu kijana akimkosea binti yangu, nimeshaona atakavyofanywa. Tuzungumze ng'ombe."

"Tuzungumze," alisema Mama Getruda, akipangusa jasho. "Ila kwanza, lile dume lako jeupe linakohoa."

Mkono wa mzee ulisimama hewani na kijiti.

"Linakohoa vumbi tu."

"Mzee, mimi nimeandika kitabu. Nikikuletea ng'ombe wote hao kwenye zizi lenye kikohozi, utaozesha binti na kuzika mifugo. Ondoa safu ile ya pili mpaka nilitibu hilo dume."

Walibishana hadi jua likashuka upande wa ziwa. Ugali ulioungua uliliwa wote, na mtamba wa kwanza wa mahari alitoka zizini kwa Mama Getruda mwenyewe.

Mpunga ulipovunwa, Venant na Tereza walifunga ndoa. Wazee watatu walikuja kila mmoja na zawadi iliyofungwa kwa kamba, na zilipofunguliwa zilikuwa maboksi ya vitabu vyao ambavyo havikuuzwa. Chumba cha Mkuyuni kikajaa mpaka dirishani. Tereza aliweka jiko juu ya ndoto na vyombo juu ya majambazi. Alhamisi Mama Getruda alipita sokoni penye turubai kuhakikisha ng'ombe yuko mbele, Jumamosi Mwalimu alishuka kutoka Magu akamrudisha ng'ombe nyuma, na Seif, bila kusema neno na mtu, akapita jioni akaweka ndoto juu ya wote.

Siku moja mteja alisimama mbele ya turubai, akainama, akasoma majina, Malimi, Malimi, Malimi.

"Hawa ni ndugu?"

Venant alijikuna sikio.

"Ndugu kabisa," alisema. "Tangu Jumapili hawasemeshani."