Bata Chini ya Turubai

Mke wangu alipohamia kwa dada yake anayeishi Tumbi, Kibaha, ili awe karibu na kliniki, hakuililia nyumba yetu ya Kisarawe wala mimi mumewe. Aliwalilia bata wake. Alikuwa amewalea ishirini na wawili tangu wakiwa vifaranga, na aliniambia wazi kwamba asipokuwa na cha kumtoa kitandani asubuhi, ugonjwa utammaliza. Nikamwahidi nitamletea.

Alinielekeza kwa simu kama mtu anayesafirishiwa mtoto.

"Wape maji ya kutosha, pumba usiwape. Miguu usiwafunge. Halafu juu ya matenga utandaze khanga zangu, zile nyepesi. Wakiwa kwenye kigiza kidogo wanatulia, na hewa wanapata. Umenisikia, baba watoto?"

Nilimsikia. Nilifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Nilipozitandaza khanga juu ya matenga, kwenye guta la mizigo la magurudumu matatu nililoazima kwa jirani, nilijiona mwanamume mzima na ndevu zangu nakatiza mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha, na guta lililopambwa kama bibi harusi. Nikaona haya. Nikazikunja, nikaziweka chini ya kiti, nikavuta turubai langu la kufunikia mkaa na kulikaza kwa kamba pande zote.

Jua kali lilinikuta barabara ya Morogoro, nyuma ya malori yaliyosimama kwenye foleni kwa saa kadhaa. Mwanzoni bata walihangaika, wakipigapiga mabawa. Kisha wakanyamaza. Nakumbuka nilifurahi. Nilijisifu kwamba kumbe kazi yenyewe si ngumu, wametulia hata bila khanga. Mpaka leo najichukia kwa ile furaha.

Nilipofika, mke wangu alikuwa amekwisha kuwatayarishia banda na beseni la maji. Alifungua kamba mwenyewe, akipumzika kila fundo. Joto lilitupiga usoni kama tumefunua sufuria. Bata wanne walikuwa wanahema, midomo wazi. Waliobaki walikuwa wamelaliana, shingo zimelegea. Tukawamwagia maji wale wanne, tukawapepea, lakini jioni haikuwakuta.

Hakupiga kelele. Angenitukana ningeshukuru. Aliketi chini, akawa anawatoa mmoja mmoja na kuwalaza kwenye majani, akiwanyoosha mabawa.

"Kwa nini turubai?" akauliza.

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia niliona aibu kupita na khanga za mwanamke, watu wangenicheka.

"Watu gani?"

Nikawatafuta kichwani. Kisarawe wangenicheka kweli, lakini Kisarawe nilitoka kabla hakujapambazuka, hakuna aliyeniona. Huku Kibaha simjui mtu, wala hakuna anayenijua.

Akauliza tena, taratibu, kama anayetaka kweli kujua. "Watu gani hao, baba watoto?"