Ndoo Iliyokatazwa Kifuniko

Nilipewa kulea samaki kwa sababu siongei sana. Mwalimu aliyewaleta kituoni kwetu, mjini Baraka, alisema hawapendi kelele. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto, wenye mistari ya punda milia, na kazi yao ilikuwa kuugua ili wanafunzi wajifunze magonjwa ya samaki. Ila waugue kwa zamu, mwalimu akitaka. Kujiugulia ovyo hakukuruhusiwa.

Basi tuliwatunza kuliko watoto. Samaki mgeni alikaa peke yake wiki mbili. Kila tangi la kioo lilikuwa na wavu wake. Maji ya ziwa, ambalo liko karibu na mlango, yalikatazwa kwa sababu ya vimelea, kwa hiyo nilipanga foleni bombani na bamama, nao wakaniuliza kama samaki wangu wanaogopa ziwa. Maji ya bomba nayo yanatiwa klori ya kutukinga na kipindupindu, na klori huchoma mashavu ya samaki. Niliyaacha siku mbili kwenye ndoo iliyo wazi, mpaka dawa iishe.

Mwalimu alipokwenda Bukavu aliniachia funguo na daftari. Wiki hiyohiyo ndoo ikapata kifuniko.

Aliyeifunika ni mama anayesafisha kituo. Wakati wa kipindupindu alizunguka mtaa mzima akifundisha watu kufunika maji. Mimi mwenyewe alininywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alipoona ndoo wazi aliifunika, akatia na matone ya klori. Nilinusa. Ningemwambia nini mtu kama huyo? Nikamwaga, nikarudi bombani. Jioni akatia tena, asubuhi nikamwaga tena. Tulikwenda hivyo siku sita, tukisalimiana vizuri sana.

Matangi hayakupata maji mapya. Yakageuka rangi ya chai, samaki wakapanda juu, midomo wazi. Siku ya sita wakafa wanne. Nikaona wazi kwamba mwalimu akirudi hatakuta samaki, na mimi sitabaki na funguo.

Nikamwandikia mama barua. Nilianza baada ya kula. Mistari mitatu ilinifikisha saa tisa usiku. Asubuhi nikampa kwa mikono miwili. Akaigeuzageuza.

"Leo sina miwani. Unisomee."

Nikasoma nikitazama sakafu. Aliposikia kwamba klori inaua samaki, alikwenda kuchungulia matangi, akarudi.

"Na we ulikuwa unanisalimia tu kila asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani amewaua? Ni mi, ao ni hii adabu yako?"

 Alisema kungoja siku mbili ni kungoja matanga. Akachota maji, akaleta mwiko wake wa bugali, akayapiga na kuyarusha, tukipokezana, mpaka harufu ya klori ikaisha. Tukabadilisha maji kidogo kidogo. Walikufa wawili zaidi. Wengine, kesho yake, walishuka chini na kuanza kula.

Mwalimu aliporudi alifungua daftari. Kwenye sababu ya vifo nilikuwa nimeandika: adabu. Akafuta, akaandika: maji machafu. Funguo hakuziomba.

Ndoo iko wazi mpaka leo. Kila mgeni anayeingia anataka kuifunika, na mama humkataza kwa ukali. Mimi bado sijaweza.