Samaki Aliyekaa Eda na Mama

Mama mkwe wangu ni mtu wa Bagamoyo. Marehemu mumewe alimleta Tabora akiwa bado msichana, na kwa kuwa hakuacha kuitaja bahari hata siku moja, mzee alipostaafu alimnunulia tangi la kioo, maji yake ya chumvi, na samaki wawili wa baharini, wadogo, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Majirani wote wa Kitete walikuja kutazama. Wengine walidhani mzee amerukwa na akili.

"Mkubwa ni jike, mdogo ni dume," mzee alitufundisha. Mama ni mnene na mzee alikuwa mwembamba, kwa hiyo jirani yetu, Mnyamwezi na mtani wa mama, hakuhitaji kusema chochote. Alisema hata hivyo.

Mzee alipofariki, mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, tangi lile mbele yake. Hata arobaini haijafika, samaki jike naye akafa. Mtani akaja mbio. "Shehe anajua kwamba mjane analala chumba kimoja na dume?" Mama hakucheka. Hilo lilinitisha, maana si kawaida yake kushindwa na mtani. Jioni ile akaniambia, "Eda ikiisha nitarudi kwa dada zangu. Hapa sina kazi tena."

Mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijui hata kusonga ugali. Huyu ndiye aliyenifunza kila kitu, kwa maneno makali na mkono mlaini. Mume wangu alisema tumwache aende, ni haki yake. Ni haki yake kweli, lakini nilimnunia mume wangu siku nzima.

Kisha nikamtafuta kwa simu muuza samaki wa Dar. Niliwaza kwamba mama akiwa na cha kulea, huenda akachelewa kuondoka. "Nina dume," nikamwambia. "Nitafutie jike, awe mkubwa." Kumpata kulichukua muda, na eda ilikuwa inaelekea ukingoni jike alipofika kwa basi ndani ya mfuko wa maji. Nilimtia kwenye tangi kwa vigelegele. Chai haijapoa, wakawa wanang'atana mapezi. Nikapiga kelele, nikamtoa mgeni kwa chujio la nazi.

Nilipompigia tena, muuza samaki aliomba picha, akaziona, akacheka. "Dada, huyo wako si dume tena. Hawa wote huanza wakiwa madume. Jike akifa, dume aliyebaki hunenepa, anageuka jike, anashika nyumba. Sasa wewe umemletea mke mwenza! Nirudishie huyo, nikutumie mdogo kabisa."

Simu ilikuwa kwenye spika na mama alisikia. Akalisogelea tangi, akamtazama samaki wake, ambaye kweli alikuwa amenona mbele ya macho yetu na hakuna aliyegundua. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Mwenzangu kakaa eda, katoka mwenye nyumba," akasema.

Yule mdogo alipofika, tulimning'iniza kwanza ndani ya kikapu cha plastiki, majini humohumo, ili wazoeane. Mama ndiye aliyeamua siku ya kumwachia. Mkubwa alimjia mbio. Mdogo akalala ubavu, akatetemeka mwili mzima, na mkubwa akapunguza mwendo.

"Anamwamkia," mama akasema. "Huyu ana adabu. Wataelewana."

Wakaelewana. Tangu siku ile wanalala kona moja, na mama alirudia kumjibu mtani kama zamani, mpaka mtani akaanza kulalamika.

Eda ilipoisha, tulisoma dua, wageni wakala wakaondoka. Dada zake wakapiga simu kuuliza anafika lini. Nilikuwa jikoni nakamua tui, mikono ikasimama. Mama aliwasikiliza, na mimi nilijua kwamba akisema siku, sitakuwa na la kumzuia nalo.

"Siji," akasema. "Nitakuja kuwatembelea Idi, nirudi kwangu."

Nadhani walimuuliza atabaki na nani, maana mumewe hayupo na wanawe wako safarini kila mara. Mama amezaa wavulana watupu.

"Nina binti huku," akawajibu.

Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti, machicha yakiwa bado mikononi.