Dakika Tano za Moto

Theluji ya Kanazawa ilikuwa ikianguka polepole nje ya dirisha la maabara, naye Sumie Kizaki akiitazama kama mtu aliyesahau kwa nini amesimama pale. Kwa miaka minne alikuwa akiitafuta protini moja iishiyo kwenye utando wa seli za figo, imezama ndani ya mafuta ya utando huo kama ndoto ndani ya usingizi. Hakuwahi kuiona. Leo ilikuwa Alhamisi; kesho Profesa Mogami, mkuu wa maabara, angefunga utafiti huo usiozaa kitu, na sampuli zote zingetupwa.

"Dada Sumie, bado unaota?" Nagisa, fundi mwenzake, alifungua boksi lake la chakula. "Hiyo protini yako ni mzimu. Itafutie mganga."

"Nitaanza kukupeleka wewe, kwa mdomo huo."

Nagisa alicheka, akapasua yai la kuchemsha kwa vijiti. Ute ulikuwa mweupe, mgumu, umeshikana. Sumie akaukazia macho.

Kila mara, kabla ya kuzitia sampuli kwenye jeli, ambamo umeme huzivuta protini na kuzitenganisha kwa ukubwa, alizichemsha dakika tano. Ndivyo alivyofundishwa katika maabara yake ya zamani, kwa protini zinazoyeyuka katika maji. Na kila mara, juu kabisa, pale sampuli zinapoingilia, lilibaki doa jeusi. Aliliita uchafu. Je, kama ndiyo yenyewe, imepikwa ikagandamana, ikashindwa kupita?

"Leo sichemshi," alisema.

"Weee! Mwalimu Mogami atakuchemsha wewe."

Aliziacha sampuli mezani nusu saa, baridi hivyohivyo, kisha akaendelea na kazi kama kawaida.

Ijumaa mchana Mogami aliinamia picha ya jeli. Juu hapakuwa na doa. Chini yake, mahali palepale walipoitarajia protini hiyo miaka yote, palikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

Mogami aliinuka. "Sampuli zisiguswe. Jumatatu urudie mara tatu. Bila moto."

Nagisa alimpigia makofi, akamvuta mkono waende kunywa chai. Sumie alisema anakuja. Alibaki ameinama, akizihesabu moyoni asubuhi zote alizoipika protini hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na midomo yake ikatamka, taratibu, kuuambia ule mstari: "Samahani."