Watoto wa mbwa chini ya meza ya Ogari

Ogari huchomelea mageti na madirisha pale Masimba, karibu na stegi ya matatu. Mwezi wa Mei, mbwa jike asiye na mwenyewe alizaa watoto watano chini ya meza yake ya kazi, juu ya magunia. Ogari hakuwafukuza. Alipowasha grainda ili akate chuma, mama yao alitoka mbio. Watoto hawakutikisika. Cheche ziliruka, mlio ukapasua hewa, wao wakalala tu.

Akazima mashine, akainama, akapiga makofi karibu na vichwa vyao. Akagonga bomba kwa nyundo. Mmoja alipiga miayo.

"Mama Akumu, nimewaharibu hawa masikio," alimwambia Zilpa, jirani yake anayekaanga mandazi.

"Walizaliwa lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni Jumatano. Siku mbili tu umewaharibu?"

Sikio la Ogari mwenyewe la kushoto lilikufa kwa mlio wa grainda, lakini ilichukua miaka. Jioni, nyumbani, ndama wake aliyezaliwa Jumatatu hiyo hiyo aligeuza kichwa ndoo ilipoanguka. Ogari akachanganyikiwa zaidi.

Kesho yake akaenda agroveti kumuuliza Nyakerario, anayeuza dawa za mifugo.

"Mbwa huzaliwa masikio yamefungwa, kama macho," Nyakerario alisema. "Ngoja wiki mbili."

"Mbona ndama anasikia?"

"Ndama anatembea siku ile ile, lazima amsikie mamake. Mbwa kazi yake ni kunyonya na kulala."

Ogari alishukuru, akatoka akiwa ameelewa nusu. Sikio likifungwa, mlio hauingii kabisa? Au unaingia kidogo na kuharibu ndani? Aliona haya kurudi kuuliza.

Jumanne ya wiki ya tatu aliwasha grainda, na watoto wawili wakaruka, wakalia, wakajigonga kwenye mguu wa meza. Akazima haraka.

"Mama Akumu! Wanasikia!"

"Basi furahi."

"Ni wawili tu."

Kufikia Alhamisi wote watano walipiga kelele grainda ilipowaka. Sasa Ogari hakujua kama afurahi au aombe msamaha. Akawatia kwenye katoni, akawapeleka nyuma ya kibanda cha Zilpa. Asubuhi akawakuta chini ya meza. Mama yao alikuwa amewarudisha mmoja mmoja, kwenye mlio ule ule anaoukimbia. Akawahamisha tena, na mbwa akawarudisha tena.

Jumapili, mteja wake Mose alikuja kuulizia geti lake. Alimkuta Ogari akikata bomba kwa msumeno wa mkono, jasho likimtiririka.

"Stima imepotea?"

"Iko."

"Mashine imekufa?"

"Ni nzima."

Mose akasimama akingoja maelezo. Ogari alianza na ndama, akaruka kwa masikio, akarudi kwa katoni, kisha akamwonyesha watoto wa mbwa waliolala chini ya meza.

"Njoo Alhamisi," alisema, akaendelea kukata.