Gauni la Arobaini

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumpima dada yangu akiwa na mimba ya miezi minane. Nilimpima kwa uzi, nikafunga fundo kwenye kila kipimo, nikarudia mara nne, na kila mara nikafurahi kuona mafundo hayajasogea hata unywele. Haikunijia akilini kwamba lile tumbo lilikuwa mgeni, na mgeni huondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mwalimu. Kushona nilijifunza kwa kufumua mashati mabovu na kuyarudisha yalivyokuwa. Dada alitaka nimshonee gauni la kuvaa siku ya arobaini, atakapotoka ndani na mtoto mbele ya wakwe zake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikwisha kumwambia, "La kaka yako likishindikana usihangaike, mimi ninalo la dukani kwa Mhindi, nitakuazima."

Dada alinisimulia maneno hayo meno yameumana. "Sitoki na nguo ya kuazimwa. Umenisikia?"

Nilisikia.

Kitambaa alikichagua mwenyewe, kile cha kufuma kinachoshonewa fulana, kwa sababu ya ulaini wake. Karatasi ya kukatia nilipewa na mtawa wa misheni niliyekuwa nikimpelekea kabichi. Ilikuwa karatasi moja yenye michoro ya nguo kama kumi, mistari yake imepandana kama njia za panya, na maelezo yote kwa Kijerumani, ambacho nilijua cha kuamkiana tu. Niliiweka juu ya karatasi nyingine nikaufuata mstari wangu kwa kutoboatoboa na mwiba wa mlimau. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipotea njia, nikaja kugundua nimetoboa mguu mzima wa suruali. Mara ya pili nilifika. Gauni lilikuwa na mfuko mdogo kifuani na vifungo vitano mgongoni, na mimi nikaapa kutopunguza wala kuongeza kitu.

Kitambaa cha kufuma hakina adabu. Ukikikata, kingo zinajikunja. Ukikivuta kinarefuka, ukikiachia kinarudi kana kwamba hakikufanya lolote. Nilikishona kwa mkono, mishono midogo iliyokazwa, imefuatana kama siafu. Nilipomwonyesha bibi yetu, aliushika mshono huku na huku akavuta. Ta! Ta! Ta! Uzi ukakatika mpaka kwapani.

"Bibi!"

"Nimeshika tu."

"Umevuta!"

"Sasa dada yako ataingiaje humo, kwa kufukizwa kama moshi?"

Nikafumua, nikashona upya kwa mishono ya kulala upande, iliyolegea, inayokwenda na kitambaa. Iliniuma. Mshono uliolegea niliuona kama uongo.

Mtoto akazaliwa. Mimi sikuingia chumba cha mzazi, kwa hiyo bibi ndiye aliyepeleka uzi. Aliporudi, fundo la tumbo lilikuwa limehama zaidi ya shibiri nzima. Nilikaa chini kwenye vumbi. Bibi, ambaye kwa utani wetu wa bibi na mjukuu huniita mumewe, alinitazama kwa huruma ya kinafiki.

"Mume wangu," akasema, "ulipima watu wawili."

Nikapunguza mpaka kwenye fundo jipya, barabara. Bibi akalipeleka ndani, kabla sijatia vifungo wala mfuko, akalirudisha. "Linaning'inia kama gunia la mkaa. Nguo ya kuvutika ikate pungufu ya mtu, imfuate yenyewe." Kukata pungufu ya kipimo cha kweli! Nikakata, kisha nikatia mfuko na vifungo kama karatasi ilivyoonyesha.

Siku ya arobaini ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya maharage wakwe walipoonekana wakipanda kilima. Walitoka Kingolwira, nao walikuwa wamepanda garimoshi mpaka Morogoro, kipande kifupi tu, ili wapate kusema wamelipanda. Wifi alitangulia, amekumbatia bahasha ya nguo. Nilimpa bibi gauni langu mlangoni. Alilikunjua, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akaegemea ukuta akacheka mpaka machozi.

"Nini, bibi?"

"Mume wangu, mtoto atanyonya mgongoni?"

Nilitazama vile vifungo vitano. Mbele palikuwa pamefungwa kabisa, pana mfuko tu. Nilikuwa nimemshonea mama anayenyonyesha nguo ambayo mwanawe hangepata njia ya kupita. Niliomba mkasi. Bibi akauficha nyuma yake. "Ukipasua hapo kitambaa kitafumuka mpaka magotini, na wakwe hao wanaingia uani."

"Shikamooni," nikasema kwa wakwe. Wifi alianza kufungua bahasha yake polepole, kama mtu anayemenya ndizi mbele ya mwenye njaa.

Hapo sauti ya dada ikatoka ndani. "Leteni hilo gauni."

Bibi akaingia nalo. Mlango ulipofunguliwa dada alitoka na mtoto mkononi, amelivaa gauni langu nyuma mbele. Vifungo vilikuwa mbele. Kitambaa kilijivuta kilipotakiwa kujivuta, kikatulia. Mtoto alilia, dada akafungua vifungo viwili, akajitanda kanga begani, na mtoto akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliona kosa moja tu, nalo niliona linawaka kama moto.

Wifi naye aliliona. Alizunguka nyuma ya dada. "Mbona mfuko uko mgongoni?"

Nilifungua kinywa kuungama. Bibi alinifinya pajani.

"Ndiko unakokaa," akajibu. "Humo anaweka maneno ya mawifi."

Ua mzima ukaangua kicheko, na wifi akacheka kuliko wote, maana utani ukikupata ukakasirika umeshindwa. Bahasha yake ikafungwa tena kimya kimya. Wakati wa kuondoka alinijia pembeni. "Shemeji, nami nishonee. Na mfuko uwe hukohuko mgongoni, usinibadilishie."

Nilimshonea. Kukipachika kile kimfuko mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kulinigharimu siku mbili za mashaka, na mistari yake yote minne nilihakikisha imenyooka.

Sasa, mtu akija kushonewa, kwanza namwuliza atafanya nini akiwa ndani ya nguo hiyo. Karatasi naikunjua akishanijibu.